Kiingereza cha Tantine Eliza

Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu alinijia akiringa. Anasoma Kiingereza jioni hapa Baraka, apate kazi kwenye haya mashirika yanayopita na magari meupe. "Mama mukubwa," akaniambia, "nipe neno yoyote ya Kingereza, mi nakuambia maana yake." Alidhani nitasema "good morning". Nikampa "counterpane". Akakodoa macho, akakuna kichwa, akaenda nalo kwa mwalimu wake. Kesho yake akarudi na jibu lililonitoa jasho. Mwalimu hakusema neno lipo, wala hakusema halipo. Aliuliza tu, "Mama yako hiyo neno aliitoa wapi?"

Aka! Chai ilinishinda. Ninyi tuliolingana umri mtanielewa. Tulikua katika wakati ambao swali hilo halikuwa swali. Chumvi umeitoa wapi, na barabara imefungwa? Viatu umevitoa wapi? Hiyo habari umeitoa wapi? Mtu akikuuliza hivyo, ujue ameshakuhukumu, anatafuta tu jibu la kukufunga nalo. Mpaka leo muuza duka akiniuliza noti hii umeitoa wapi, natazama kwanza mlango uko upande gani. Sioni haya kusema: siamini watu. Wengine walifundishwa kusali, mimi nilifundishwa kutoamini, na aliyenifundisha ni mama yangu mzazi, kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa analala ubavuni mwangu.

Mwanamke huyo alikuwa Tantine Eliza, dada mkubwa wa baba. Wakati anatujia, Baraka ilikuwa mikononi mwa wanajeshi waliokuja na vita kutoka mashariki. Sisi tulikuwa tumekimbilia kijijini kwa baba, ndani kidogo, upande wa njia ya kupanda Fizi. Milimani walikuwepo vijana wetu wenyewe, wale waliojinyunyizia maji ya dawa ili risasi iwapite. Kijiji chetu kilikuwa katikati, na katikati ndipo pabaya kuliko pote. Kifaransa tulikijua, ni lugha ya shule na ya karatasi. Kibembe kilikuwa cha nyumbani, Kiswahili cha kila mahali. Lakini Kiingereza tulikisikia mahali pamoja tu: kwenye redio za mkononi za wakubwa wa wale wanajeshi, walipopita barabarani wakiagizana. Baada ya Kiingereza ilifuata milio ya risasi. Kwetu watoto haikuwa lugha, ilikuwa dalili ya kukimbia. Na mtu wa kwetu akijulikana anakisema, vijana wa milimani walimchukua, na hatukumwona tena.

Tantine alishuka kutoka misioni moja ya huko juu, ambako alilelewa na Wazungu wawili wanawake, dada kwa dada, wasioolewa. Walikuja wakiwa wasichana, wakazeekea hukohuko, wakafia hukohuko, mmoja akimfuata mwenzake. Vita vilipofika misioni ikaungua. Akatujia na sanduku la bati kichwani na miguu imevimba. Mama alimtengea sehemu kwenye kitanda changu, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo na mimi nilikuwa mwembamba. Jioni ileile alifungua sanduku akatoa shuka jeupe zito, lenye vinundu vidogo vya uzi kila mahali, likinuka sabuni na moshi. Akalitandaza juu yetu, akalipapasa na kusema polepole, "Counterpane." Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kitu.

"Ni nini hiyo, Tantine?"

"Ni nguo ya kufunika kitanda, mwana. Inakuya juu ya blanketi zote. Lala."

Sikulala. Niliisikia ile sauti ya redio za barabarani ikitoka kinywani mwa dada wa baba. Asubuhi nilimwendea mama jikoni, nikamnong'oneza. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Niliwaza," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Lala naye, lakini jicho moya libaki wazi. Chochote anasema, unaniletea."

Wifi na wifi, mnajua wenyewe. Lakini haukuwa wivu tu. Mama alikuwa na watoto watatu na mume mmoja, na kama vijana wa milimani wangekuja kumchukua Tantine, wasingeishia kwa Tantine. Kila mtu alijua hivyo. Nyumba nzima ingeulizwa ilikuwa inamficha nani. Basi nikapewa kazi ya kumchunga mtu mzima, na niliifanya kwa moyo wote, maana kwa mara ya kwanza mama alinisikiliza mpaka mwisho wa maneno yangu.

Maneno yake yalikuwa mengi. Alikuwa anayasema akifanya kazi, kwa sauti ya chini. Akiweka bugali na ndagala mbele yetu, "victuals". Akipita kati ya mihogo miwili, "betwixt". Baba akisimulia jambo la ajabu, yeye aliitikia "forsooth", yaani kweli kabisa, halafu akaziba mdomo haraka. Mgeni akionekana kwa mbali, aliuliza hewa, "Whence?", yaani anatoka wapi. Lile lilinitisha kuliko yote, kwa maana niliona kwamba hata yeye, katika lugha yake ya siri, alikuwa anauliza lile swali letu. Lakini kilichoninyima amani hasa hayakuwa maneno. Ni ule ukimya. Kila akisema neno, alinyamaza, kichwa kimeinama kidogo, muda ule ambao ungemtosha mtu kujibu. Kisha aliendelea na kazi. Nani alikuwa anamjibu? Nilitazama nyuma ya nyumba. Nilitazama ndani ya sanduku alipokwenda mtoni. Nilikuta nguo zake, Biblia ya Kiingereza iliyokatika mgongo, na kikombe kisicho na mkono. Redio haikuwepo. Nikasema basi ameimeza. Msicheke, nilikuwa mtoto, na siku zile watu wazima waliamini makubwa kuliko hayo.

Siku moja alisimama kwenye maharagwe yake, akayatazama, akasema, "A fortnight." Nikamwuliza. "Ni juma mbili, mwana." Nikaweka moyoni. Na kweli, juma la pili halijaisha vizuri, wanajeshi walipanda kutoka Baraka, wakachoma nyumba za kijiji kilicho chini yetu. Tulikimbilia porini na chungu kikiwa bado motoni. Kule tulipojificha nilimkazia macho Tantine, aliyekuwa amempakata mdogo wangu na kumziba masikio. Nilijisemea: huyu alijua. Alitaja juma mbili, na juma mbili wakaja. Sikumwambia hata mama, kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na hakika. Mtoto mwenye mashaka ana subira kuliko polisi.

Nikaanza kumpima. Nilimwuliza neno lilelile mara ya pili, mara ya tatu, siku tofauti, mahali tofauti, nikingoja achanganye. Asiyesema kweli husahau alichosema jana, ndivyo mama alivyoniambia. Nilimwuliza akiwa amechoka. Nilimwuliza akiwa ana homa, Mungu anisamehe, meno yanagongana, mimi nasimama na maji mkononi: "Tantine, betwixt ni nini?" Naye chini ya shuka: "Ni katikati ya bitu mbili, mwana. Leta mayi." Kamwe hakuchanganya. Maana ilikuwa ileile kila mara, na mimi nikayashika yote kichwani bila kupenda, moja baada ya jingine.

Isipokuwa neno moja. Nilimkuta siku hiyo nyuma ya jiko, ameketi juu ya kigogo, uso ameuelekeza kwenye milima ya juu, kule kunakopandwa mpaka Minembwe. Alikuwa analia bila sauti. Akasema, "Betrothed." Ukimya. Nikajitokeza.

"Tantine, iyo ni nini?"

Alishtuka, akajifuta kwa kanga. "Ni… ni ugonjwa ya macho. Inaleta machozi. Moshi ya kuni mbichi, unaona?"

Nikaitikia, nikaenda zangu. Lakini moto ulikuwa umezimika zamani. Nilisubiri. Siku ya mvua, tukiwa tunamenya maharagwe, yaleyale aliyokuwa akiyatazama, naye amefurahi kwa mavuno mpaka anaimba nyimbo za kanisa, nikalitupa neno katikati ya wimbo kama asiyejali.

"Tantine, betrothed ni nini?"

"Ni mutu mwenye bamesha kumwahidi," akasema huku akicheka, "kumebaki tu arusi." Na uso wake ulikuwa wa msichana. Halafu mikono ikasimama juu ya maharagwe. Akanitazama. Nami nikamtazama. Nilikuwa nimemnasa! Baada ya miezi yote ile, neno moja lenye majibu mawili. Nilipaswa kufurahi na kukimbilia jikoni kwa mama. Lakini ule uso ulinizuia. Nikainama, nikaendelea kumenya.

Jirani yetu alikuwa Mama Wilondja. Simsemi vibaya. Mtoto wake wa kwanza alipigwa risasi siku ile walipochoma kijiji cha chini, alikuwa amekwenda kuwatembelea wajomba. Tangu siku hiyo Mama Wilondja hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza. Ua wetu na wake ulikuwa wa matete, na matete hayana siri. Maneno ya Tantine yalipita, yeye akayaokota. Alikuwa anatafuta nani aliwaita wale watu, na mtu akitafuta kwa uchungu namna ile, lazima atapata. Asubuhi moja vijana wa milimani walishuka wakiwa na Komanda wao, wakaenda moja kwa moja lubunga, na ngoma ikapigwa ya kuwaita wanaume.

Lubunga, kwa asiye wa kwetu, ni banda la duara katikati ya kijiji, halina kuta. Humo wanaume hukaa, hula chakula kinacholetwa kutoka kila nyumba, na hukata maneno. Mwanamke analeta sahani mpaka ukingoni, anaiweka, anarudi. Haingii. Na wale vijana walikuwa na masharti yao juu ya hayo. Mwenye dawa haguswi na mwanamke, hapokei kitu mkononi mwake, kiwekwe chini kwanza. Komanda hakutaka hata sauti ya Tantine imfikie, akisema maneno yasiyojulikana, yakitoka kinywani mwa mwenyewe, yanaweza kuharibu maji ya dawa. Basi Tantine alikalishwa mbali, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya jirani, akilindwa na bunduki. Kijana mmoja ambaye bado hajanyunyiziwa dawa akawa anakwenda na kurudi, anapeleka swali, analeta jibu. Mama Wilondja alisimama ukingoni na kanga amejifunga kifuani kwa nguvu.

Sisi wengine tulisimama mbali. Mama alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Tulisikia yote, maana Komanda alikuwa na sauti ya kuchimba mashimo.

"Huyu mama anasema luga ya adui. Anakubali?"

Kijana akaenda, akarudi. "Anakubali anajua Kingereza. Anasema ni ya bale bamama ba misioni. Anasema ni majina ya bitu ya nyumba tu."

"Majina ya bitu ya nyumba!" Watu wakaguna. "Anaweza kujitungia maana anavyotaka. Ni nani mwingine anajua iyo maneno, atuhakikishie?"

Baba alikuwa ameketi na wanaume wenzake, mikono ameifinya katikati ya magoti, haangalii mtu. Na hapo Mama Wilondja akasema, wala si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Ule mutoto. Wanalala pamoja. Anamufundishaka kila siku."

Yee mama! Mkono wa mama ulilegea kwenye wangu. Mtoto wa kike asiyevunja ungo hakuhesabiwa mwanamke, kwa hiyo niliweza kuingia. Sakafu ya udongo ilikuwa baridi. Sikuwahi kuwa ndani ya lubunga kabla ya siku ile, wala baadaye. Komanda alikuwa kijana kuliko sauti yake, na shingoni alikuwa amevaa kichupa chenye kizibo cha kitambaa.

"Usiogope, mutoto. Kila neno nitakuuliza, unaniambia mu sikio. Kisha tunamuuliza na yeye kule. Mukisema sawa, ni majina ya nyumba. Mukisema tofauti…" Hakumaliza. Hakukuwa na haja, wote tulijua vijana walikuja na kamba.

"Sema kweli, mama," baba akaniambia. Baba zetu hutuita mama wakitupenda, na baba aliniita hivyo mara chache sana.

Wakaanza. Mama Wilondja alitoa neno kutoka ukingoni, jinsi sikio lake lilivyolipokea, "kantapeni". Nikamnong'oneza Komanda, nguo ya juu ya kitanda, inafunika blanketi. Kijana akaenda kwenye migomba, akarudi akihema: "Ni nguo ya kitanda, ya juu ya blanketi." Komanda akaitikia kwa kichwa. "Vikitosi." Chakula. Kijana akaenda, akarudi: chakula. "Bitwiksi." Katikati ya vitu viwili. Sawa. Kila aliporudi na jibu langu mdomoni mwake, nilihisi watu wanalegeza mabega kidogo. Na mimi nilishangaa, kwa maana mashaka yangu yote ya miezi ile, maswali yangu yote ya kumnasa, ndiyo yaliyokuwa yananipa majibu. Mtoto aliyempenda na kumwamini Tantine asingeuliza hata mara moja.

"Fotinaiti."

"Juma mbili," nikanong'ona. Kijana akarudi na juma mbili, na lubunga lote likachafuka. Juma mbili za nini? Alikuwa anahesabu nini huyu mama? Mama Wilondja alitoa mlio. Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Maharagwe! Alikuwa anaangalia maharagwe, siku ngapi bado yaive. Mi nilikuwa pale."

"Ni kweli," baba akasema kwa mara ya kwanza, "tulivuna wakati ule. Tuliyakula pamoja na wewe, Komanda, ulipita hapa lubunga, ukakuta sahani." Wanaume wawili watatu wakaitikia, kwa kuwa chakula cha lubunga hakisahauliki, kila mtu anakumbuka kimetoka nyumba gani. Komanda akajikuna shingo. Nilidhani imekwisha.

"Kuna ingine," Mama Wilondja akasema. "Hii anaisema akiangalia kule juu, ku milima ya Minembwe. Mi nimemuona. Anasema na analia. Bitrozidi."

Kule juu wakati ule kulikuwa na maana moja tu. Wenye ng'ombe wa Minembwe walihesabiwa upande wa adui, wote, mpaka watoto wao, mpaka wale waliokuwa wakituuzia siagi na kuuliza hali za wagonjwa wetu. Nikisema maana ya kweli, mtu aliyeahidiwa ndoa, swali la pili lingekuwa: ndoa ya nani? Kijijini hapakuwa na mwanaume aliyewahi kutoa hata mbuzi kwa ajili ya Tantine Eliza. Na mimi, nimesimama pale na pumzi ya Komanda shavuni, ndipo nilipoelewa ule ukimya. Hakuwa anasubiri redio. Alikuwepo mtu, mahali kule juu, ambaye zamani alikuwa akimjibu.

Basi nilikuwa nimemshuku kwa haki. Alikuwa anazungumza na mtu wa kule. Mama alikuwa amesema kweli, Mama Wilondja alikuwa amesikia vizuri, na sisi sote tulikuwa hatujaelewa kitu.

Majibu yalikuwa mawili, na kule kwenye migomba yeye angetoa moja. Lipi? Amelelewa na watu wa Biblia, hasemi uongo, kila mtu alijua. Uongo wake wote niliowahi kuusikia ulikuwa mmoja. Nilifikiri haraka, kwa ile akili mbaya niliyofundishwa. Kuku akifukuzwa hakimbii ovyo, anakimbilia pale alipoficha mayai, asimame mbele yake. Mtu aliyedanganya kwa ajili ya kitu, ukimtisha, atadanganya tena palepale.

"Ni ugonjwa ya macho," nikanong'ona. "Inaleta machozi."

Komanda alinitazama kwa muda. Kisha akamtuma kijana. Nilihesabu nguzo za lubunga. Nilimwona baba, naye akanitazama, na nikajua kwamba alijua nadanganya, maana baba aliwahi kusoma Biblia ile pamoja na dada yake likizo moja, na neno lile limo ndani yake. Hakusema kitu. Kijana alichukua muda mrefu kuliko mara zote. Aliporudi hakuwa anakimbia.

"Amekataa kwanza kusema," akasema. "Kisha ameuliza kama mutoto ameulizwa pia. Nikamwambia ndiyo. Akasema ni ugonjwa ya macho."

Komanda alicheka. Sijui alicheka nini, lakini alisimama, akakung'uta vumbi la suruali, akasema mama mwenye macho mabovu hawezi kupeleleza mtu, na lubunga lote likacheka naye, kicheko kikubwa kuliko lile neno. Waliondoka na mbuzi wa baba mmoja. Mama Wilondja alirudi kwake bila kutuaga. Alilia mchana kutwa nyuma ya matete, na Tantine akamsikiliza, amekaa tu.

Jua lilipopoa tulikwenda mtoni kuchota maji, Tantine na mimi. Aliweka ndoo chini.

"Ulijuaje nitasema vile?"

"Nilijua utadanganya," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye. "Ulinidanganya mimi!"

"Ndiyo, mwana. Na mi nilijua utakuwa umeweka. We hausahau kitu." Akaketi juu ya jiwe, akaniambia, mara moja tu, kwa maneno machache. Kulikuwa na kijana aliyeshusha maziwa misioni kila asubuhi kutoka kwa ng'ombe wa baba yake. Wale dada wawili walimkaribisha barazani, wakawafundisha wote pamoja, Kiingereza chao cha zamani, walichotoka nacho kwao wakiwa wasichana na ambacho hata Wazungu waliopita walikicheka. Yule kijana na Tantine walizungumza hivyo wenyewe kwa wenyewe, kwa mchezo, kisha si kwa mchezo. Wakaahidiana mbele ya wale wazee. Halafu vita. Wazee walikuwa wamekwisha kufa. Dunia nzima walibaki watu wawili wanaosema namna ile, na mmoja hakujua kama mwenzake yu hai.

"Sasa imekwisha," akasema, akajitwika ndoo. Na ikawa imekwisha kweli. Tangu siku ile sikusikia tena neno hata moja. Shuka la vinundu alilikata akamshonea mdogo wangu nguo. Biblia aliitia motoni kipande kwa kipande, akipikia. Nikimjaribu, nikisema tu "whence" tukiwa peke yetu shambani, aligeuka kunitazama kama asiyeelewa, kisha akatazama nyuma yangu kama kuna mtu.

Miaka ilipita. Wale wanajeshi waliondoka Baraka, barabara ikafunguka, wenye ng'ombe wakaanza kushuka tena sokoni, mmojammoja, wakitembea kandokando ya njia. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Asubuhi moja tulikuwa uani, mama, Tantine na mimi, tunamenya mihogo. Mama Wilondja alikuwa upande wake anafagia. Mwanaume mmoja akasimama kwenye mlango wa ua. Mrefu, kofia mkononi, fimbo ya kuchungia chini ya kwapa, nywele zimeingia mvi pembeni. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la huko juu. Hakutusalimia sisi. Alimtazama Tantine Eliza, akasema kwa sauti ya chini, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa:

"Good morrow."

Kisha akanyamaza, kichwa kimeinama kidogo, akasubiri.

Neno lile Tantine hakuwahi kunifundisha. Hakuna aliyelisikia kupitia matete. Lilikuwa la kwao, salamu ya asubuhi na maziwa. Nyuma ya ua ufagio ulisimama. Nilimwona Tantine akiusikia ufagio ule. Kisu chake kilibaki ndani ya muhogo. Mimi nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumwambia vita vimekwisha, jibu, jibu, hakuna Komanda, hakuna kamba. Lakini nilinyamaza, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika.

"Papa," Tantine akasema kwa adabu, "hapa hatujui iyo luga. Unatafuta nani?"

Yule mtu alibaki pale muda kidogo. Alitazama mikono yake, alitazama nyumba, akatutazama mama na mimi. Kisha akavaa kofia.

"Nisamehe, mama," akasema kwa Kiswahili kizuri. "Nimekosea nyumba."

Tulimsikia akiondoka. Ufagio ulianza tena. Mama akamwuliza Tantine ni nani yule, na Tantine akasema hamjui, ni mutu amepoteza njia, akauchomoa muhogo kwenye kisu na kuutia ndani ya maji.